Sahani Hairudi Tupu

Aghalabu wale wanaotusifia pishi jepesi, lisilotaka zaidi ya unga, sukari na mafuta, na ambalo hata mtoto aweza kuliandaa huku akiimba, husahau kutueleza jambo moja lenye maana kuliko yote, nalo ni kwamba wepesi wa pishi hupimwa jikoni, ilhali uzito wake huanza pale sahani inapovuka kizingiti kwenda kwa jirani. Jikoni kuna moto, sufuria na mwiko, na hivyo vyote hutii amri. Lakini jirani hatii amri ya mtu. Jirani hupokea kwa mikono miwili, hushukuru kwa taadhima, hufunika sahani kwa kitambaa, na tangu saa ile huanza kutafakari atakurudishia nini.

Hapa Igurwa, katika nchi ya Karagwe, ambapo nyumba zimejificha ndani ya migomba kiasi cha mgeni kuuona moshi wa jiko kabla hajaliona paa, tafakuri hiyo ni kazi ya heshima, nayo hufanywa kwa bidii kubwa.

Mke wangu ni mzaliwa wa Pangani, na mtu wa Pangani akihamishwa kwenda bara hubeba vitu vitatu: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, na itikadi kwamba Mwenyezi Mungu hakuumba kipande cha ardhi akakinyima mnazi. Vitu viwili vya kwanza vilifika salama. Kile cha tatu kilivunjika mara tu basi lilipoanza kuupanda mlima baada ya Bukoba, pale alipotazama kulia akaona mgomba, akatazama kushoto akaona mgomba, akamwuliza utingo kwa sauti ya unyonge kama mbele kuna minazi, naye utingo, ambaye alikuwa mtu mwenye insafu, akamjibu kwamba mbele kuna migomba mingi zaidi.

Ile mbuzi yenyewe ilituletea msiba mdogo tangu juma la kwanza. Bibi jirani yetu, mjane wa makamo ambaye shamba lake limepakana na ua wetu, alipokuja kutukaribisha alikataa kiti, kwa kuwa kiti aliona ni cha Mwalimu, yaani mimi, akachagua kile kigoda kifupi cha mti alichokiona pembeni, wala hakuyatambua yale meno ya chuma yaliyochomoza mbele yake. Lau mke wangu asingalipiga ukelele, ujirani wetu ungalianzia zahanati. Bibi aliinuka, akakizunguka kigoda, akakigusa kwa kidole, kisha akauliza ni mnyama gani huko kwetu anayekamatwa kwa mtego wa namna ile.

Basi, kwa ajili ya kufuta aibu hiyo, ikaamuliwa zipikwe kaimati. Kila mtu wa pwani atakwambia kwamba hakuna kitu chepesi kama kaimati: unga wa ngano, hamira kidogo, iliki, tui la nazi au maziwa, mkorogo uachwe uumuke, uchotwe kwa vidole na kudondoshwa katika mafuta ya moto, kisha vile vidonge vilivyoiva vigaragazwe katika shira. Nazi ilikuwa imenunuliwa Bukoba kwa bei ambayo sitaitaja, kwa kuwa wapo wasomaji wenye maradhi ya moyo. Ilipovunjwa ikatoa harufu ya kitu kilichokwisha kukata tamaa ya dunia. Tukatumia maziwa, na katika jambo hilo Karagwe haina upungufu, kwani hii ni nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu tangu enzi za watawala wake wa kale.

Mashaka yalikuwa kwenye kuumuka. Pwani, unga wenye hamira huachwa kidogo tu, na mpishi akizubaa hukuta umekwisha kumwagika nje ya bakuli. Lakini nchi hii ambayo sehemu zake za juu hupita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari ina jua la asubuhi lililo la heshima tu, yaani laonekana lakini halifanyi kazi. Bakuli likawekwa dirishani, unga ukalala. Likahamishiwa karibu na jiko, ukalala. Likafunikwa kwa blanketi la mtoto, mtoto akaamka kwa baridi na unga ukaendelea kulala. Hapo Bibi, aliyekuwa amekaa mbali na kile kigoda, akasema kwa upole, "Waitu, Mama Mwalimu, huo unga umepigwa na baridi. Upe kitu cha kuuamsha." Akatoka, akarudi na kata ya rubisi changa.

Yafaa nimweleze msomaji asiyeijua rubisi kwamba ni pombe ya ndizi, wala haina siri kubwa: ndizi mbivu hupondwa na kukamuliwa kwa nyasi, maji yake matamu huchanganywa na unga wa mtama ndani ya chombo kirefu cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi, hufunikwa, na asubuhi ya pili hukutwa yanachemka yenyewe pasipo moto. Mke wangu alisita. Mimi nikamkumbusha kwamba bibi zake huko Pangani walichachusha mikate yao kwa tembo la mnazi, tena wakaila baada ya swala, na hatujasikia kwamba walikosa pepo kwa sababu hiyo. Kata ikamiminwa. Kabla maji ya chai hayajachemka, unga ulikuwa umeinuka, umelisukuma blanketi, na ukaanza kushuka mezani kwa azma ya kuondoka nyumbani.

Kaimati zile zilitoka kubwa, laini, zenye uchachu mdogo uliokata utamu wa shira, na sijapata kula nyingine za namna ile hata mjini Unguja. Jioni wakaja wageni, miongoni mwao maalimu wa msikiti mdogo, mtu wa elimu na wa tumbo zuri, ambaye baada ya kula chache aliuliza kwa shauku siri ya pishi hili. Mke wangu akatazama dari, nami nikatazama viatu vyangu. Bibi, ambaye haoni sababu ya kuficha mchango wake, akamweleza kila kitu, mpaka umri wa ile rubisi. Maalimu alitafuna polepole. Akasema kwamba moto una hukumu yake katika mambo kama haya, kwamba wanazuoni wamehitilafiana, na kwamba suala hili lahitaji kutazamwa upya. Kisha akachukua kaimati nyingine ili alitazame.

Lakini mpishi hakupata nafasi ya kufurahi. Kwa desturi ya kwetu, kitamu huja mwisho, baada ya chakula kuondolewa na mikono kunawiwa. Hapa, chakula ni ndizi na maharage katika chungu kimoja, zilizofunikwa kwa majani ya mgomba zikaiva kwa mvuke wake, na mtu akisha kushiba chakula hicho huona kwamba karamu imefungwa. Kumletea kitu kingine ni kumwambia kwamba hakushiba. Kwa hiyo kaimati zilipoletwa pamoja na vyombo vingine, wageni walifanya lililo la busara: walizichukua kwa mkono wa kulia, wakazichovya katika mchuzi wa maharage, wakala. Mke wangu alitoka nje kwa muda. Nilipomfuata nikamkuta amesimama gizani akizungumza na mgomba. Insafu yanilazimisha kushuhudia, hata hivyo, kwamba nilijaribu mchovyo ule wageni walipokwisha kuondoka, nao haukuwa mbaya hata kidogo.

Sasa tufike kwenye sahani. Asubuhi yake ilipelekwa kwa Bibi sahani ya kaimati zilizobaki, zawadi ya kumshukuru kwa ile rubisi, na kabla ya adhuhuri ikarudi, ikifuatana na kijana aliyebeba mkungu wa ndizi uliomfunika kichwa na mabega kiasi kwamba aliugonga mlango kwa mkungu wenyewe. Jaribu, ewe msomaji, kupima mizani: upande mmoja vidonge vya unga vinavyotosha kiganja, na upande wa pili chakula cha juma zima.

Ndizi nazo husifiwa kuwa pishi jepesi. Menya, panga, weka maharage, kitunguu na nyanya, mimina maji, funika. Wanawake wa hapa humenya huku wakizungumza, wala hawatazami kisu, na ganda huanguka jembamba kama karatasi. Mke wangu alitazama kisu, hakuzungumza, na ganda likaanguka na nusu ya ndizi. Utomvu ukamganda vidoleni ukawa mweusi, maji na sabuni vikashindwa, naye akaenda harusini Kayanga mwishoni mwa juma akiwa amevaa glavu za sufu. Mbuzi wa Bibi, wale wa miguu minne, walikula yale maganda kwa furaha, na nadhani ndipo Bibi alipoanza kutuhurumia kwa dhati.

Mkungu hauwezi kujibiwa kwa kaimati. Ukajibiwa kwa mkate wa sinia, wenye mchele na iliki. Mkate ukajibiwa kwa jogoo. Jogoo akajibiwa kwa biriani, na hapo nikaanza kuuangalia mshahara wangu kwa macho ya mtu anayemuaga ndugu bandarini. Biriani ikajibiwa kwa senene.

Senene huja na mvua za Novemba na Desemba, na wakija, kijiji kizima huwa na kazi moja. Hukamatwa, hunyofolewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, na sahani yao ni hidaya ambayo mtu hampi kila apitaye njia. Mke wangu alipofunua kitambaa akakuta macho yale yote yanamtazama, alikirudisha kitambaa upesi akasema kwamba yeye hali wadudu. Nilimwuliza, kwa adabu, kamba wa Pangani wana miguu mingapi, na pweza ana sura ya nani. Nikamweleza kwamba fiqhi imehalalisha nzige pasipo kuchinjwa, kama ilivyohalalisha samaki, na senene ni jamaa yake wa karibu. Hakunijibu. Aliifunika sahani kwa kawa, akaiweka kabatini, akaenda kulala. Asubuhi sahani ilikuwa tupu, na kawa imerudishwa juu yake kwa unadhifu ambao hakuna panya anayeuweza.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya kijiji kimoja au ya zama hizi. Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, mwaka 1861, walikuta jumba ambamo kulishana ni siasa ya nchi: Speke mwenyewe aliandika habari za wake wa ukoo wa mtawala walionyweshwa maziwa mpaka wakanenepa wasiweze kusimama, naye akaomba ruhusa ya kumpima mmoja, jambo ambalo mpaka leo sijui aliliombaje akabaki salama. Ilipofika Krismasi ya mwaka huo, Rumanyika, ambaye alikuwa amesikia kwamba Wakristo huiadhimisha siku ile kwa kula nyama, akawapelekea ng'ombe. Ng'ombe mzima! Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant alibaki nyuma hadi Aprili, na vitabu vyasema sababu ilikuwa ni mguu uliougua. Siwapingi waandishi wa vitabu; nasema tu kwamba mtu aliyekwisha kupokea ng'ombe, na hana cha kurudisha, huona haya kuaga.

Kadhalika Waarabu wa biashara waliokuwa na kituo chao Kafuro, humu humu Karagwe, katika karne ile ya kumi na tisa, bila shaka walikuja na vikombe vyao vya kahawa na desturi zao za ukarimu, wakidhani wao ndio wenye kufundisha. Nami naamini kwamba waliingizwa katika hesabu hii ya sahani kama tulivyoingizwa sisi, na kwamba baadhi ya madeni waliyoyaacha yamesubiri hapa mpaka alipotokea mtu mwingine wa pwani wa kuyalipa.

Mimi sina malalamiko. Watoto wetu wananenepa, mke wangu sasa humenya ndizi huku akizungumza, na kila Novemba husimama mlangoni akitazama mawingu kwa namna ambayo hataki niiulize. Bibi naye amejifunza kupika kaimati, nazo ni bora kuliko zetu, kwa sababu rubisi ni yake; huzipika kila apatapo wageni, akaziweka karibu na maharage, na vijana wa mtaa huamini ni chakula cha Wanyambo cha tangu jadi.

Taabu iliyobaki ni moja tu. Sahani zetu zote za kauri zimo katika nyumba za watu, zikisubiri kujazwa, na zilizomo kabatini kwetu ni za watu, zikisubiri kurudishwa, wala hakuna hata moja tunayoweza kuitumia kwa haki. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una safari ya kuja huku, tafadhali pitia sokoni Omurushaka ututwalie sahani, za bati zitafaa zaidi. Nazi usijisumbue nayo.