Santuri ya Mama Mkwe
Nyumbani kwangu kuna spika mmoja asiyehitaji umeme, naye ni mke wangu. Sisi wengine tunamwita Spika wa Bunge. Mimi ni mbunge asiye na jimbo.

Basi mama yake, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Mkaguzi Mkuu, alikuja kututembelea na mzigo umefungwa kwa khanga: gramafoni ya marehemu mumewe na kasha la santuri ndogo za Morogoro Jazz. Alinieleza mara tatu kwamba zamani wimbo mrefu ulikatwa katikati, ukamalizikia upande wa pili. "Nataka nimsikie Mbaraka wao akiimba kabla sijarudi kwangu." Mwenzangu, wewe ungejibuje?

Nikaichomeka gramafoni kwenye sabufa, tundu la AUX, pale tunapochomeka simu. Sindano ikashuka, tukasikia mbu. Mbu wa kwenye chupa! Nikazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho; mbu akasogea kidogo. Mkaguzi akatega sikio juu ya sindano yenyewe, akatangaza kwamba huku anasikia vizuri zaidi.

Shemeji Injinia (alisomea upishi, ila anamiliki bisibisi) akatoa hukumu: sabufa ndogo. Tukaazima ya jirani, ile ya kigodoro, inayotikisa mabati mtaa mzima. Tukapata mbu mnene.

Fundi redio mmoja mzee pale Kariakoo aliniuliza swali moja tu: "Umechomeka wapi?" Nilipomjibu alicheka hadi akaacha kulehemu. Kumbe sindano inatoa milivolti 5 hivi, na AUX inangoja nusu volti au zaidi. "Unamnong'oneza kiziwi," akasema. Amplifaya za zamani zilikuwa na tundu la PHONO, lenye kikuza sauti chake ndani. Sabufa zetu hazina. Tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi, mifereji isije ikaingiliana, na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa. Kanuni ya tangu 1954. Hicho kikuza sauti ndicho kinachorudisha mambo mahali pake. Nikaelewa kwa nini Mkaguzi alikuwa akiuliza mpiga besi amekufa lini.

Nikanunua kijidude cha kukuza mara 100 hivi, umbo la mche wa sabuni. Pesa niliitoa wapi, subiri kwanza.

Nyumbani kikaguna mmmm, mpaka nilipofunga ule uwaya mwembamba wa ethi nilioudharau siku nzima. Nikashusha sindano. Nilichosahau ni kitufe cha sauti: kilikuwa kimebaki kulekule mwisho.

Mbaraka hakuimba, alivamia. Vikombe vikagongana kabatini, kuku wa jirani wakapanda ukutani, Injinia akajificha nyuma ya kochi. Nikakimbilia kupunguza, lakini Mkaguzi alikuwa ameshafunga khanga kiunoni, anacheza macho kayafumba, na besi inamjibu kila hatua. Hata Spika akatabasamu. Kwa dakika nzima nilikuwa mkwe wa maana.

Mara giza.

Nikachungulia dirishani: kwa jirani taa zinawaka. Pesa ya LUKU, mwenzangu, ndiyo iliyonunua kijidude.

Spika hakusema neno. Alinyoosha mkono, nikamkabidhi simu yangu, akaanza kusoma salio kwa mwanga wake.

"Mkwe," Mkaguzi akaniita gizani, bado amesimama katikati ya sebule, "mbona umekaa? Geuza upande wa pili."