Mswahili wa Nchi Kavu

Mimi ni mtu wa Mwenge. Nauza vinyago, na mteja akinikazia bei namwambia twende taratibu, mambo yasije yakaenda mrama. Kwenye kamati za harusi mimi ndiye hukabidhiwa usukani, na michango ikisuasua nawaambia tutie nanga kwanza. Ukinisikiliza utadhani nilizaliwa jahazini. Ndivyo alivyodhani shemeji yangu.

Shemeji alinunua boti ya faiba iliyotumika, yenye mashine ya farasi 15, pale Kunduchi, akataka mtu wa kuifikisha Bagamoyo. "Wewe si unaijua bahari?" Aibu ikanijibia. Nilikuwa nimeendesha mara mbili tu, hadi Mbudya, mwenye boti akiwa ubavuni. Safari nikaipima kwa Barabara ya Bagamoyo: saa mbili, ukiondoa foleni ya Tegeta. Nikabeba madumu mawili ya petroli, chapati nne na simu.

Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Agosti. Baada ya nusu saa mashine ikakohoa, ikazima. Nikavuta kamba mpaka bega likaomba msamaha. Nikampigia fundi.

"Umefungua pumzi?"

Nikavuta pumzi ndefu, nikaishusha polepole. "Tayari fundi, nimetulia."

Kimya. Kisha: "Pumzi ya tangi, kaka."

Kumbe juu ya kifuniko cha tangi kuna kijiskrubu. Usipokilegeza hewa haiingii, na hewa isipoingia petroli haitoki. Wakati mimi natulia, boti ilikuwa imeyapa mawimbi ubavu, inalala kulia, inalala kushoto, hadi chapati mbili zikarudi zilikotoka. Huko kuyumba ndiko kwenda mrama kwenyewe. Tangu siku ile simtajii mteja mrama kwa ajili ya shilingi elfu tano.

Ili kufidia muda nikasogea pwani, kama daladala inayokatiza kwenye kituo cha mafuta kukwepa foleni. Karibu na Mbweni boti ikasimama kwa upole, kana kwamba tumefika. Ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yanapwa tangu alfajiri bila kuniaga. Kwa watu wa pwani huku ndiko kupwelewa. Mimi neno hilo nilikuwa nikilitumia kwa aliyeishiwa hela katikati ya mwezi.

Kufika saa nne bahari ilishakwenda zake, na mimi nimekaa botini, boti imekaa mchangani. Wakaja kina mama wa pweza na vijiti na ndoo zao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaiuza?"

Miaka kumi na miwili nimesimama Mwenge nikiita wapita njia watazame bidhaa. Asubuhi hiyo ndipo nilipojua kinyago kinavyojisikia.

"Siuzi mama, nangoja maji."

"Basi lala. Mpaka saa saba hayo." Akaendelea kuchokoa mwamba wake.

Na kweli, saa saba boti ikaelea. Kusi lilishachangamka, likanisukuma mgongoni kama konda anayepanga abiria. Nikaanza kuimba. Ubeti wa pili nikahisi viatu vimelowa: kizibo cha kutolea maji kililegea tulipokaa mchangani. Nikakikaza nilivyoweza, kikaendelea kuvuja. Mkono wa kulia ukashika mashine, wa kushoto ukashika dumu lililokatwa, nikafua maji hadi Bagamoyo.

Pale nilipochuchumaa ndipo ngamani. Aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani: methali hiyo nimeitoa kwenye harusi zisizopungua ishirini, nikapigiwa vigelegele, na sikujua kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, sembuse ngama. Sasa naijua. Iko chini kabisa, inanuka petroli na samaki wa mwaka jana.

Shemeji alinipokea ufukweni, suruali imenyooka, viatu vinang'aa. "Vipi, mambo hayakwenda mrama?"

Nikamwomba nauli tu. Kwenye basi la kurudi mjini konda alikuwa anapiga kelele kwamba nyuma kuna nafasi. Nikapenya katikati ya watu, nikaenda kukaa tezi.