Kahawa Haijalipwa, Mwezi Haujajaa

Kila nikikatiza stendi ya Mbinga na gitaa mgongoni, lazima mtu aulize: "Mwalimu, sasa hivi unapiga wapi?" Ni swali la heshima, nami hulijibu kwa heshima, ila moyoni nachemka. Muulizaji anadhani nina ratiba. Wenye ratiba ni wanamuziki wa Dar es Salaam, wana mameneja na mabango yenye tarehe mpaka Desemba. Mimi nina kahawa na mwezi. Huku juu Umatengoni anayenipangia kazi ni kahawa, kule chini Ziwa Nyasa ni mwezi, na wawili hao hawajawahi kukaa kikao kimoja.

Kahawa kwanza. Huku kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu anayefunga harusi mwezi wa pili. Mahindi bado mabichi kwenye ngoro, mashamba yetu ya mashimo, mvua haina adabu, na mfukoni mna funguo tu. Watu wanasubiri msimu. Kahawa inaanza kuchumwa mwezi wa tano au wa sita, inamenywa, inaoshwa, inaanikwa kwenye chanja, inapelekwa chama cha ushirika, AMCOS, kisha inakaa ghalani kungoja mnada. Bwana harusi naye anangoja mnada. Mimi niko kwenye foleni hiyohiyo, nyuma ya bwana harusi, nyuma ya mwenye ukumbi, nyuma ya mpishi, nyuma hata ya yule wa kukodisha viti vya plastiki.

Ndiyo maana mimi, mpiga kinanda na gitaa wa wilayani, siku hizi nafuatilia bei ya arabika ya soko la New York kuliko ninavyofuatilia nyimbo mpya. Kuna kijana jirani anaisoma kwenye simu kila asubuhi. Akisema imepanda, nanunua nyuzi mpya. Akisema imeshuka, nakaza zilezile. Inawezekana huko Marekani mtu ameamka tu na kikohozi, akaamua leo anywe chai. Huku Mbinga kuna send-off inaahirishwa.

Na pesa ikitoka, inatoka kwa wote kwa mpigo. Hapo ndipo utajua Wamatengo ni watu wa umoja: wote wanaoa Jumamosi moja. Simu inalia tangu alfajiri. "Mwalimu, wewe ni mtoto wetu." Ukisikia hivyo, fahamu kwamba bei yako imekatwa nusu kabla hujaitaja. Ukiitaja, mwenyekiti wa kamati anavuta pumzi, anakukumbusha kwamba mama yako na shangazi yake walipata kipaimara pamoja Kigonsera, halafu anauliza kama hiyo bei ni pamoja na jenereta. Mpishi haulizwi kama bei yake ni pamoja na kuni.

Harusi zenyewe nazifurahia, sitaki kusema uongo. Nafurahia zaidi pale MC mgeni kutoka mjini anaposhika maiki na kuita kwa madaha, "Ndugu Ndunguru apite mbele!" Nusu ya ukumbi inasimama. Akijisahihisha kwa kumwita Komba, inasimama nusu iliyobaki. Akitafuta pa kutokea kwa kumwita Kapinga au Mbunda, wahudumu nao wanaweka trei chini. Mimi hapo napiga taratibu nikimngoja apate jina la pili, maana hakuna aliyemwambia kwamba Mbinga jina la ukoo ni kata nzima.

Kinachonikera ni flashi. Kijana anakuja na flashi ndogo kama punje ya harage, anaichomeka, na ndani yake kuna wanamuziki wote wa dunia, wala hawali. Sisi wa bendi tunaitwa wasumbufu. Tunataka kujaribu sauti, tunataka umeme usiocheza, tunataka kula. Chakula cha wanamuziki hutoka mwisho, watu wakishapiga picha na keki: ukoko wa pilau na shingo ya kuku ambayo ukiitazama vizuri unaona imepita kwenye meza nyingine kabla ya yako. Mwenye flashi amekula zamani, na wali wa juu.

Haya, tushuke ziwani. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni lami, kilomita sitini na kitu, na anayelalamikia barabara hiyo leo hakuijua ile ya zamani, ambayo spika ilifika imegeuka njuga. Lakini lami haijaondoa mteremko. Mbinga ni baridi, mwezi wa saba unapiga gitaa na koti. Ziwa liko chini, karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake halina utani. Gitaa nililoliweka sawa asubuhi Mbinga, mchana Mbamba Bay linaimba wimbo wake lenyewe. Nikianza kulikaza upya, watazamaji wanasema, "Huyu bado anajifunza."

Huku chini kahawa haina amri. Mwenye amri ni mwezi. Dagaa wa Nyasa huvuliwa kwa taa, na taa inamvuta dagaa usiku wa giza tu. Mwezi ukiwaka ziwa zima, taa yako haina kazi. Kwa hiyo giza likiingia, wanaume wako majini usiku kucha, na mchana wamelala. Nimewahi kupiga Mbamba Bay wakati wa giza. Walikuja watoto, bibi mmoja, na mbwa wa mwenye baa. Mbalamwezi ikifika, wavuvi wako nchi kavu, wana pesa za wiki zilizopita, na hapo ndipo shoo inapokuwa shoo: noti zinabandikwa usoni mpaka unapiga bila kuona nyuzi. Sasa niambieni, mbalamwezi ikiangukia Jumamosi ileile kahawa imelipwa, nifanye nini? Na hufanya hivyo. Nashuku hufanya kwa makusudi.

Tena wenyeji wa pwani hawakosi burudani. Mganda ukiingia uwanjani, mimi nimekwisha. Wale mabwana wanatoka wamevaa sare nyeupe, kaptula na soksi ndefu, wamejipanga kwa mistari kama paredi, na paredi ndiyo asili yake: ngoma hii ilizaliwa na bendi na gwaride za askari wa wakoloni, ikaenea pande zote za ziwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wana vyeo, wana nidhamu, wana malipenga ya vibuyu yanayovuma kuliko spika yangu, na hawahitaji hata uniti moja ya umeme. Wakimaliza, akina mama wanaingia na ngoma yao, kioda. Mimi wakati huo natafuta waya umekatikia wapi.

Anayetaka kunimaliza kabisa ananiomba wimbo wa Malawi. Watu wa pwani hii wanasikiliza redio za ng'ambo tangu utotoni, na nyimbo za huko wanazijua mpaka pale mwimbaji anapokohoa. Serikali mbili zinabishana kuhusu mpaka wa ziwa, wengine wakishikilia mkataba wa Heligoland wa mwaka 1890 wanaosema uliuweka ukingoni kwetu, wengine wakisema mpaka uko katikati ya maji. Kwenye sakafu ya kuchezea hakuna mgogoro. Malawi ilishachukua yote, mpaka kaunta.

Nikilalamika, wazee wananijibu kwa jina moja: Kapteni John Komba. "Huyo alikuwa mwimbaji. Aliongoza kikundi cha TOT, akafika Bungeni kuwakilisha Mbinga Magharibi. Wewe umefika wapi?" Sina jibu. Marehemu alizikwa Lituhi mwaka 2015, na sauti yake ilikuwa na uzito wa kuzima jenereta. Ila naomba niseme jambo moja kwa unyenyekevu: hata yeye ilibidi awe mbunge ndipo watu waache kumuuliza kazi yake hasa ni nini.

Shoo ijayo basi, kwa mliouliza, ni Liuli, hukohuko ziwani, mwezi ukijaa. Mkikuta hakuna mtu, msinilaumu. Liuli ina historia ya habari kuchelewa. Agosti 13, 1914, wakati Wajerumani wanapaita Sphinxhafen, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ilifika ikaipiga mizinga meli yao, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni wa Kijerumani alikuja juu kwa hasira akidhani rafiki yake Mwingereza amelewa. Hakuna aliyemwambia kwamba vita imeanza. Namwelewa sana yule bwana. Mimi nami huwa wa mwisho kuambiwa kwamba harusi imesogezwa.

Jana mwenyekiti wa kamati ya Liuli alipiga simu kuthibitisha. Wanataka spika nne, kubwa. Nauli waliyotuma inatosha spika mbili, tena zikae kwa kubanana na magunia ya mtu. Nikamuuliza kwa upole, "Mzee wangu, hizo mbili nyingine zitafikaje?"

Akafikiri kidogo. "Wewe si una gitaa? Mpigie dereva."