Mwizi wa Mwaka 1970

Kwa mujibu wa kamera ya dukani, mbuzi wa Ivuna aliibwa usiku wa tarehe 1 Januari 1970, siku ya Alhamisi, saa 9 na dakika 12. Mwizi alifika kwa bodaboda, kichwani kavaa kofia ya kampeni ya uchaguzi uliopita, njia akijimulikia kwa tochi ya simu janja. Siku hiyo ujenzi wa reli ya TAZARA ulikuwa bado haujaanza. Ulianza Oktoba mwaka huohuo. Mkoa wa Songwe wenyewe, iliko Ivuna, ungezaliwa miaka 46 baadaye, ukimegwa kutoka Mbeya. Wezi wa zamani walikuwa na vifaa!

Mbuzi huyo ni wa mfano, na mwenye duka vilevile. Tarehe ndiyo haikubuniwa. Fundi yeyote wa kamera, awe wa Tunduma au wa Tanga, ameshaiona mara nyingi kiasi kwamba akipigiwa simu na kuambiwa kamera inasema 1970, hata haulizi swali la pili.

Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde, na sekunde ya kwanza katika hesabu hiyo ni ile ya saa sita usiku, tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Kifaa kilichosahau saa huanza upya kutoka sifuri. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya Greenwich, kwa hiyo sifuri ya dunia kwetu ni saa 9 usiku. Hapo ndipo watu hupotea, maana saa 9 usiku ndiyo saa yenyewe ya wezi. Mwenye mali akitazama picha huikubali saa bila shaka yoyote, akaugombania mwaka peke yake. Kumbe vyote viwili ni vya kuokota.

Hata hivyo kamera haikusema uongo mtupu. Dakika 12 zile ni za kweli: ndizo zilizopita tangu umeme uliporudi na kifaa kuamka. Mwenye duka akijua umeme ulirudi saa ngapi, ameijua saa ya wizi. Na nani kijijini asiyejua umeme ulirudi saa ngapi? Watoto hushangilia mpaka vitongoji vya jirani vikasikia.

Kisa cha usahaulifu huo ni kibetri cha duara, bapa kama sarafu, cha volti 3, kilichoandikwa CR2032. Kinasa kizuri cha picha za kamera kinacho ndani yake, na kazi yake ni kuitunza saa umeme unapokatika. Kikichoka, kila umeme ukikatika kinasa kinarudi ujanani: vingine mwaka 1970, vingine mwaka 2000. Kamera nyingi za bei nafuu, zile zinazoning'inizwa ukutani na kuunganishwa na simu kwa waifai, hazina kibetri kabisa. Hizo huamka gizani na kuuliza saa kwenye intaneti. Bando likiwa limeisha hakuna wa kuzijibu, basi zinaendelea kuishi mwaka wa sifuri mpaka mwenyewe anunue vocha.

Makosa mengine hayako wazi hivyo, lakini yana tabia nzuri moja: ukipima tofauti kati ya saa ya kamera na saa ya kweli, tofauti yenyewe humtaja mkosaji.

Ikiwa saa 5 mbele, kamera haijawahi kuondoka kwao. Imetengenezwa China, nchi inayotumia saa moja kuanzia mashariki hadi magharibi, saa 8 mbele ya Greenwich, na hakuna aliyeiambia kwamba imehama. Hasara yake si ya kwenye maandishi tu. Kamera hizi huwekewa ratiba: kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, ukiona mtu, piga king'ora. Iliyobaki na saa za China huanza zamu saa 11 jioni ya Ivuna, wakati ng'ombe wanarudi zizini na duka limejaa wateja wa sukari na mafuta ya taa. Inawapigia kelele ng'ombe, inampigia kelele mama mkwe, inampigia kelele mwenye duka anapotoka kuizima. Ikifika saa 6 kamili usiku inaona kumekucha, inafunga zamu na kunyamaza.

Ikikosea kwa saa 1 tu, mtuhumiwa wa kwanza ni mpaka. Tunduma na Nakonde ni miji miwili iliyobanana kiasi kwamba mgeni hajui ameacha upi, lakini Tanzania iko saa 3 mbele ya Greenwich na Zambia iko saa 2. Anayetoka Tunduma saa 3 kamili asubuhi na kuvuka kwa miguu huwasili Nakonde saa 2 na dakika kadhaa, yaani amefika kabla hajaondoka. Wafanyabiashara wa pale wamezoea. Kituo cha pamoja cha forodha, kilichofunguliwa na Marais John Magufuli na Edgar Lungu tarehe 5 Oktoba 2019, kimeweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja; saa zao hakikuziunganisha.

Sasa mchukue fundi aliyekaa Tunduma, upande wenye minara ya simu ya nchi mbili. Simu yake imeachiwa ijitafutie saa za eneo, nayo imeshika mtandao wa Zambia bila kumwambia. Anaiwasha kamera mpya kuijaribu kabla ya kumpelekea mteja, na programu ya kamera inanakili saa za eneo kutoka kwenye simu. Kamera inashuka bonde la Rukwa hadi Ivuna ikiwa imeshakuwa Mzambia. Itakuwa nyuma saa moja, siku zote, kwa utiifu kabisa.

Na kama kuna wa kuitetea, ni jua. Ivuna iko kwenye longitudo ya nyuzi 32 na nusu hivi mashariki. Saa za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye nyuzi 45, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Za Zambia zimefungwa kwenye nyuzi 30. Jua halijui pasipoti. Linafika katikati ya anga ya Ivuna, kwa wastani, saa 6 na dakika 50 mchana, wakati Dar es Salaam limeshapita hapo karibu nusu saa kabla. Kwa hesabu ya kivuli, kamera iliyokosea iko karibu zaidi na jua kuliko saa ya ofisi ya kata. Hoja hiyo ni nzuri barazani. Polisi usiwaambie.

Tofauti ya saa 6 ni yetu wenyewe. Hapa China haihusiki wala Zambia. Mswahili huanza kuhesabu saa kunapokucha, na amefanya hivyo bila shida kwa sababu katika nchi zilizo karibu na ikweta kucha na kuchwa havibadiliki sana mwaka mzima. Saa ya mkononi anaivaa na kuisoma kinyume, mshale uko kwenye 8 yeye anasema mbili, wala haoni ajabu. Taabu huanza siku anapotakiwa kuandika. Mzee wa duka letu la mfano amenunua kinasa, kimemwuliza saa, naye kwa ukweli wa moyo wake akajaza 02:00, kwa kuwa ni saa mbili usiku na taarifa ya habari inaanza redioni. Kinasa kikaamini ni usiku wa manane.

Wiki mbili baadaye mbuzi wa pili anaondoka, na picha zinapelekwa kwa mtendaji wa kijiji.

"Mzee, wizi umetokea saa nane usiku."

"Hapana, Mtendaji, ni saa mbili. Si imeandikwa mbili?"

"Mbili ya kamera ni nane yetu."

"Hii ya kwangu mbili yake ni mbili yetu. Nimeiweka mwenyewe."

Mtendaji ni msomi, anajua kutafsiri saa za mashine. Lakini mashine hii ilishatafsiriwa mapema, naye anaitafsiri mara ya pili. Kijana aliyekuwa kilabuni saa nane usiku mbele ya mashahidi ishirini anatakaswa, na kijana aliyekuwa kilabuni saa mbili anatiwa mashakani, wote kwa picha ileile.

Tarehe nayo inapata maisha mapya. Kinasa cha mzee kinafikia saa sita yake ya usiku wakati Ivuna ni saa 12 jioni, kwa hiyo siku inabadilika jua linapotua. Wazee wanaohesabu hivyo, ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, wataona mashine imekuwa na adabu. Taarifa za polisi zina msemo wao wa kujikinga na balaa hili, "usiku wa kuamkia", na hakuna kiwanda cha kamera kilichofikiria kuuweka kwenye kioo. Ni hasara yao.

Inachekesha zaidi kwamba haya yatokee Ivuna, mahali ambapo tarehe moja inajulikana na wataalamu wa miamba duniani kote. Ijumaa ya tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka hapo. Kilichookotwa hakikufika hata kilo moja. Kundi adimu la vimondo vinavyofanana nacho huitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Vilivyoshuhudiwa vikianguka vya kundi hilo ni vichache mno, vikiwemo Alais na Orgueil vya Ufaransa, vya 1806 na 1864. Chombo cha Japani Hayabusa2 kiliporudi Desemba 2020 na gramu zipatazo 5.4 kutoka kwenye sayari ndogo Ryugu, wanasayansi walikuta zinashabihiana zaidi na kundi hilohilo la Ivuna. Jiwe lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 4.5 tunalijua mpaka siku ya wiki, na halikurekodiwa na kamera yoyote. Bodaboda ya juzi, iliyorekodiwa kutoka pembe mbili, hatujui ilipita mwaka gani.

Kurekebisha si kazi kubwa, ila ina mitego. Wa kwanza ni haraka. Mpwa wa mwenye duka, kijana mwepesi wa simu, akisikia saa imekosea huikimbilia na kuinyoosha papo hapo. Asifanye hivyo ikiwa kuna tukio linalochunguzwa. Kwanza apige picha kioo cha kinasa na simu yenye saa sahihi vikiwa pamoja, aandike tofauti, ndipo aguse mipangilio. Bila tofauti hiyo, rekodi za nyuma zinabaki na saa ya uongo isiyo na ufunguo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, haikatai ushahidi kwa kuwa tu ni wa kielektroniki, lakini inaitaka mahakama ipime uaminifu wa namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Wakili wa utetezi akikuta mbuzi wa 1970, siku yake imekuwa njema.

Mtego wa pili ni orodha ya miji. Vinasa vingi havina Dar es Salaam wala Dodoma. Kwenye saa 3 mbele ya Greenwich utakuta Kuwait, Riyadh, Baghdad, Moscow na Nairobi, na wapo Watanzania wanaoona bora wawe Waarabu au Warusi kuliko kuchagua Nairobi kwa hiari yao. Uzalendo huo una gharama. Moscow iliishi saa 4 mbele ya Greenwich kuanzia 2011 hadi 2014, na kinasa chenye programu ya zama hizo kikiambiwa Moscow kitaongeza saa moja bila aibu. Chagua Nairobi, jirani hatajua. Kisha zima kabisa kile kipengele cha saa za majira ya joto, ambacho huisogeza saa mbele Machi na kuirudisha baadaye kwa ajili ya nchi zenye baridi. Tanzania haina desturi hiyo, na huyo ndiye mtuhumiwa wa pili wa kosa la saa 1.

Mpangilio wa tarehe utazamwe pia, kwa sababu Wamarekani hutanguliza mwezi, na 03/04 inaweza kuwa Machi au Aprili kutegemea nani anasoma. Baada ya hapo washa kulinganisha saa kwa mtandao, utaratibu ambao David Mills wa Marekani aliuchapisha mwaka 1985 na ambao bado huzitunza saa za kompyuta nyingi duniani. Anwani pool.ntp.org inatosha, mradi bando lipo. Ivuna bando si la kutegemea, basi kibetri kipya kinahitajika vilevile. Na saa ikijazwa kwa mkono, ijazwe kwa hesabu ya saa 24: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 2 usiku ni 20:00. Andika kwenye karatasi, bandika juu ya kinasa, usimwachie mtu kumbukumbu.

Anayenunua kinasa kipya aulize jambo moja zaidi, hata kama muuzaji atamtazama kwa mshangao: kama programu yake inaweza kusasishwa. Vifaa vinavyohesabu sekunde kwa biti 32 vitaishiwa na namba Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na vile visivyorekebishwa vinaweza kurukia tarehe 13 Desemba 1901, enzi za Mjerumani.