Hongera ya Kisu: Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Machakos

Waheshimiwa,

Nawapongeza kwa imani yenu isiyotikisika juu ya kisu cha mkaguzi wa nyama. Alfajiri kichinjioni hupasua misuli ya taya, ulimi na moyo wa ng'ombe, kikisaka vifuko vya tegu visivyozidi ukubwa wa punje ya haragwe. Kisha mhuri wa wino wa zambarau unagongwa na nyama inaelekea buchani. Kasoro ni moja tu: tegu hajasoma Sheria ya Udhibiti wa Nyama ya mwaka 1972, hivyo hajui kwamba anatakiwa kujipanga tayani. Watafiti waliochanachana mizoga ya ng'ombe humu nchini, badala ya kuipasua mahali pachache, walikuta vifuko hata katika nyama ambayo ukaguzi wa kawaida ungeipitisha.

Hayo yangevumilika kama ugonjwa ungeanzia kwa ng'ombe. Wapi! Tegu huyu akishakomaa, akiwa na urefu wa mita kadhaa, makao yake ni utumbo wa binadamu peke yake. Mayai hutoka na haja kubwa, hukaa malishoni kwa miezi, na ng'ombe huyameza akila nyasi zake kwa amani. Wiki kumi hivi zikipita, misuli yake ina viluwiluwi vinavyomngoja mlaji. Yaani sisi ndio tuliomlisha uchafu, halafu yeye ndiye anayekaguliwa. Mzoga ukitupwa, hasara ni ya mfugaji, na aliyejisaidia kichakani anaendelea na safari zake.

Mtasema choo ni shauri la kila boma. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limewakabidhi ninyi vichinjio, huduma za mifugo na usafi wa maji taka, vyote pamoja. Kisu na choo vina bosi mmoja, ila sijui kama vimewahi kujulishana. Wengine watasema nyama ipikwe iive. Ni kweli, joto la nyuzi 60 na kidogo likifika hadi ndani humaliza kifuko. Ila nyama choma huwa nyeusi nje huku katikati ikiwa bado nyekundu, na mteja ameshaletewa kachumbari. Hatuwezi kumfanya mchomaji kuwa wizara ya afya.

Kibali cha kusafirishia mifugo tayari hutaja ng'ombe alikotoka. Mkaguzi akikuta kifuko, nakala ya kibali hicho ipelekwe kwa afisa wa afya, naye afike huko na dawa za minyoo, akiandamana na mtu mwenye jembe la kuchimbia shimo la choo.

Ni mimi, mlaji wenu.