Ukipewa Darasa la Ekodimu Bunia

Mwalimu, siku utakaposikia jina lako linatangazwa mbele ya kanisa kwamba kuanzia Jumapili ijayo utafundisha watoto wa ekodimu, yaani shule ya Jumapili, usikimbilie kununua kitabu. Tafuta kwanza mfuko wa bonboni na kitambaa cha kupangusia makamasi. Kitabu kitafuata.

Wahi kufika, ingawa watoto watakuwa wamekutangulia. Utawakuta kwenye mabenchi yaliyotengenezewa watu wazima, miguu inaning'inia, na karibu kila msichana wa miaka minane ana mdogo wake mgongoni. Usimfukuze huyo mdogo. Ukimfukuza umemfukuza na dada yake, na dada ndiye anayejua majina ya wote, nani analia bure na nani analia kweli.

Anza na Nuhu, lakini jiandae vizuri, maana huku kuna swali ambalo mwalimu wa Nairobi haulizwi: okapi aliwekwa wapi, kwa punda milia au kwa twiga? Mnyama huyo haishi porini popote duniani ila Kongo, na makao makuu ya hifadhi yake yako Epulu, humu humu Ituri, kwa hiyo watoto wanamhesabu kuwa wa kwao. Usijitetee kwamba Biblia haisemi. Waambie ile mistari ya miguuni isiwadanganye, okapi ni ndugu wa twiga. Kisha uwaulize wao wangemweka wapi. Robo saa nzima itakwenda hapo, na kuanzia siku hiyo darasa ni lako.

Ukifika kwa Pilato, uliza alikuwa nani. Watajibu kwa sauti moja: "Gavana wa kijeshi!" Usicheke haraka. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na mtoto wa chekechea hajapata kuona gavana asiyevaa magwanda. Tena hajakosea: Pilato alikuwa na askari chini yake na alihukumu watu. Mpe bonboni.

Sadaka italetwa kwa noti ya franka 100, ile yenye picha ya tembo, imekunjwa mpaka imekuwa kama punje ya mahindi. Mwingine ataleta 200 na kuomba chenji. Mpe chenji yake. Nje ya lango kuna mama anayeuza mandazi, na mtoto amepanga matumizi tangu nyumbani. Anayempa Mungu nusu ya alichonacho ametoa kuliko papa yake.

Sasa tuje kwenye maigizo, na hapa naomba unisikilize. Kila mwalimu mpya hukimbilia Daudi na Goliati. Usiwaguse. Ukiligawa darasa majeshi mawili, hujui umemweka nani upande gani. Kwenye benchi moja yuko anayeongea Kilendu nyumbani, na hilo peke yake halikwambii kabila lake, kwa maana Wahema wa kaskazini nao huongea Kilendu. Pembeni yake yuko Mwaluri, halafu Mbira, halafu mtoto ambaye wazazi wake walikimbia Djugu mapigano yalipoanza tena Desemba 2017, na sasa analala kwenye kambi ya Kigonze. Wazazi wa hao wote wanaikumbuka Bunia ya 2003, ya mapigano ya Wahema na Walendu. Watoto wenyewe wanasukumana, wanaibiana kalamu na kucheka kwa Kiswahili kimoja, na kicheko hicho kina thamani kuliko lolote utakaloandika ubaoni. Usikipasue kwa ajili ya Wafilisti.

Waigizishe Waisraeli wakitoka Misri. Hapo mtoto wa Kigonze ndiye profesa. Utakapokuwa unasimulia walivyoondoka usiku, yeye atakukatiza: "Mwalimu, nani alibeba sufuria?" Nyamaza umwachie nafasi. Ataeleza kwamba sufuria ndiyo ya kwanza, halafu godoro. Mbuzi wanatangulia na mvulana mkubwa. Kuku wanaachwa, kwa sababu wanapiga kelele na watu watajulikana walipo. Wenzake watambishia juu ya kuku. Yuko atakayesema bibi yake alimbeba jogoo ndani ya kitenge kutwa nzima na hakulia hata mara moja. Andika yote ubaoni: sufuria, godoro, mbuzi, kuku. Ndipo ufungue Kutoka sura ya 12, uwaonyeshe kwamba Waisraeli nao walibeba mabegani vyombo vyao vya kukandia unga, vimefungwa ndani ya nguo. Mtazame yule mtoto wa sufuria usoni wakati unasoma.

Maombi ya kufunga yaachie watoto. Anayeomba ataombea mama, bibi, mbuzi na tairi la pikipiki ya papa, kisha atamweleza Mungu, mbele ya wote, kwa nini papa na mama hawasemeshani tangu Ijumaa. Hapo mwalimu anaitikia "Amina" mapema na kwa nguvu. Uliyoyasikia yasifike kwa mama pasta, hata akikuuliza kwa upole.

Ukishafunga, mlango usifunguliwe bado. Mchungaji ndiyo kwanza ametangaza neno la mwisho, na wazazi hawatoki leo wala kesho. Kwa saa hiyo mweke Yona akiba. Simulia taratibu: merikebu, dhoruba, samaki, siku tatu tumboni. Kabla hujafika ufukweni, mmoja atanyoosha mkono kutaka kujua Yona alijisaidia wapi siku zote hizo, na mjadala huo utawatosha mpaka wazazi watoke.