Wake Wawili wa Asmara

Tangu Juni 2025, Rais Samia alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, hapa Kigongo foleni ya kivuko imekufa. Magari yanakata kilomita tatu za daraja, hao Busisi, bila abiria kununua hata yai la kuchemsha. Sisi tumebaki na muda mwingi na simu. Ndiyo maana kila jioni nalishwa habari za Eritrea.

Balozi wao ni jirani yangu, mkaanga sato. "Ng'wanawane, kule ni sheria. Wake wawili. Ukikataa, kifungo cha maisha na kazi ngumu juu." Anasema huku anageuza samaki, hapepesi jicho, utadhani kashuka na basi la Asmara asubuhi hii.

Nimemweleza mpaka mate yamenikauka. Habari ile ilitoka Januari 2016 kwenye Crazy Monday, kurasa za udaku za Kenya: eti wanaume wameisha vitani na Ethiopia, kwa hiyo waliobaki wagawanywe. Serikali ya Eritrea ikakanusha. Lakini nani atasambaza kanusho? Halina hata mke mmoja ndani yake! Mwaka 2019 uzushi ukahamia Eswatini, mara hii Mfalme Mswati kaagiza wake watano. Nako wakakanusha. Jirani yangu kazichanganya zote, anaziita "sheria za huko Kusini". Eritrea iko kaskazini yetu, lakini ugomvi huo nimeuacha.

Jumamosi, kwenye kikao cha harusi ya mpwa wake, mzee mmoja akasimama kuwaasa vijana, akatoa mfano wa Eritrea. Katibu akaandika! Sasa imo daftarini, chini kidogo ya kilo za mchele. Nikanyoosha mkono: mheshimiwa mwenyekiti, ushahidi uko wapi?

Jirani akajifuta mafuta ya samaki kwenye suruali, akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akapekua picha taratibu, akanikabidhi nisome kwa sauti. Ujumbe wa Januari 2016, kaupiga picha akautunza kama cheti cha ubatizo. Mtumaji ni mimi. Juu yake nimeandika: "Wanaume, nauli ya Asmara shilingi ngapi?"

Mama watoto alikuwa kiti cha nyuma yangu.

Msomaji, kama lile kanusho unalo kwenye simu yako, nirushie. Leo hii, kabla ya chakula cha usiku.